Makutano ya Kwanza: Kinga ya Mwili na Saratani chini ya Jua la Dodoma

Kinga ya mwili husifiwa kwa vita vyake, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuacha. Kila siku seli zake hupita katika ini, moyo, kongosho na ngozi, hukutana na protini za kila namna, na karibu zote huziacha zilivyo. Kuacha huko ndiko kunakoitwa ustahimilivu wa kinga. Ni uamuzi unaofanywa na seli hai na kulindwa na seli nyingine, na unapovunjika mwili hujitafuna wenyewe: kongosho likishambuliwa hutokea kisukari cha aina ya kwanza, viungo vikishambuliwa hutokea baridi yabisi. Saratani hujificha ndani ya uamuzi huo huo. Seli za uvimbe zimezaliwa na mwili wenyewe, zinakula damu yake na kubeba jina lake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kinga ina nguvu ya kuzimaliza, sharti kuuliza kama iliwahi kuzihesabu kuwa adui. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinga imefundwa tangu utotoni kuziheshimu nguo zake.

Uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni na Singida, una mambo matatu yanayoufanya uamuzi huo uonekane. Kuna jua kali linalochoma ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Kuna virusi vya UKIMWI, ambavyo hushambulia hasa kundi moja la seli za kinga na hivyo kufichua kazi ya kundi hilo. Na tangu mwaka 2018, jijini Dodoma, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa inayopandikiza figo, yaani mahali ambapo mwili hulazimishwa kwa dawa kumvumilia mgeni. Yakitazamwa pamoja, matatu haya yanaelekea upande mmoja: jibu la mwili kwa uvimbe hutegemea sana mazingira ambamo seli T saidizi, zile zinazotoa idhini ya mashambulizi, zilikutana kwa mara ya kwanza na antijeni, yaani alama ambayo kinga huitambua, na uamuzi wa siku hiyo ukishapita ni mgumu kuutengua.

Seli T huzaliwa katika uboho na kukomaa katika thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Humo kila seli hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni bila mpango, na kwa kuwa mchanganyo huo ni wa kubahatisha, vipokezi vingi huangukia kwenye protini za mwili wenyewe. Thimasi ina njia ya kuvipima. Kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997, baadhi ya seli zake hutengeneza sampuli za protini za viungo vya mbali, insulini ikiwa mojawapo, na kuzionyesha kwa seli T changa. Seli inayozing'ang'ania mno huuawa, au hugeuzwa kuwa seli T tulizi, ambayo kazi yake maishani itakuwa kuwazuia wenzake.

Mtihani huo haumnasi kila mmoja, na wanaoponyoka ni wengi kiasi cha kuhitaji ulinzi wa pili nje ya thimasi. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kundi la seli T ambazo zikiondolewa kwa panya, mwili wake hujishambulia. Miaka michache baadaye Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waliibaini jeni ya FOXP3, ambayo kuharibika kwake huwaletea watoto wa kiume ugonjwa mkali wa kinga kujishambulia, na ikadhihirika kwamba jeni hiyo ndiyo inayozifanya seli hizo ziwe tulizi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Kwamba ustahimilivu hufundishwa, wala haurithiwi ukiwa umekamilika, kulionekana kwanza kwa ng'ombe. Mwaka 1945 Ray Owen wa Marekani alieleza kuwa ndama pacha waliochangia mishipa ya damu tumboni mwa mama yao hubaki na seli za damu za mwenzao, na miili yao haizikatai kamwe. Frank Macfarlane Burnet wa Australia alijenga nadharia juu ya jambo hilo. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake, Uingereza, wakaithibitisha kwa panya: walivichoma vijusi seli za panya wa ukoo mwingine, na wanyama hao walipokua walikipokea kipande cha ngozi cha ukoo ule bila ugomvi. Ngozi ile ile ikipewa panya ambaye hakuandaliwa hukauka na kudondoka. Ugeni wa ngozi ulikuwa sawa kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni wakati wa kukutana nao. Burnet na Medawar walipata Nobel mwaka 1960.

Mgonjwa wa figo anayefika Dodoma amekwisha kulipita dirisha hilo la mafunzo ya mapema. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Machi 2018 kwa kushirikiana na madaktari kutoka Japani. Hata figo ya ndugu wa tumbo moja, wasipokuwa pacha wa kufanana, hutambuliwa kuwa ngeni, na seli T saidizi ndizo huongoza kuikataa. Dawa kama takrolimasi huzizuia zisitoe interleukini-2, kemikali inayoziamuru seli T kuongezeka, na mpokeaji humeza dawa za namna hiyo kwa muda wote figo inapofanya kazi. Huo ni ustahimilivu wa kuazima, tena hauchagui: kinga iliyotulizwa mbele ya figo hutulia pia mbele ya mengine. Ulaya na Australia, watu weupe waliopandikizwa viungo hupata saratani ya ngozi ya seli bapa mara makumi zaidi ya wenzao. Katika nchi kama Saudi Arabia, saratani ya Kaposi imeonekana zaidi kwa wapokeaji wa figo. Saratani hizo zinapozuka baada ya kinga kufungwa mikono, inaeleweka kwamba siku zote kabla ya hapo kuna kazi iliyokuwa ikifanyika kimya.

Anayeifanya kazi hiyo kwa mkono ni seli T angamizi, yenye alama ya CD8, inayoishika seli mbovu na kuitoboa. Anayeiruhusu ni seli T saidizi, yenye alama ya CD4. Saidizi mara nyingi haiuoni uvimbe wenyewe. Inasoma antijeni zilizopachikwa kwenye molekuli za MHC za daraja la pili, na seli nyingi za uvimbe hazina molekuli hizo. Habari huletwa na seli dendriti, ambazo Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza mwaka 1973. Seli dendriti hukaa kwenye ngozi na utando wa viungo, humeza mabaki ya seli zilizokufa, husafiri hadi kwenye tezi za limfu za kwapani, shingoni au kinenani, na huko huyaonyesha mabaki hayo.

Katika tezi hiyo ndipo uamuzi hupitishwa. Kuionyesha antijeni peke yake hakutoshi. Seli dendriti inapaswa kutoa na ishara ya pili, nayo huitoa ikiwa imeshtushwa na dalili za hatari: vijidudu, seli zilizopasuka, tishu iliyovimba na kupata joto. Saidizi ikipata ishara zote mbili huamka, huongezeka na kuipa seli dendriti idhini, kupitia molekuli iitwayo CD40, ya kuziamsha seli angamizi. Idhini hiyo inafanya kazi kama barua ya serikali ya mtaa: mwenye shida yupo, ofisi ipo, mhudumu yupo, lakini bila barua faili halifunguliwi. Saidizi ikipata ishara ya kwanza bila ya pili huzubaa, na ikikutana tena na antijeni ile haijibu. Katika mazingira mengine hugeuka kuwa tulizi, na hapo haikai tu kimya, huwanyamazisha na wengine. Antijeni moja inaweza hivyo kuzaa vita, kimya au ulinzi wa adui, kulingana na aliyeileta na hali aliyokuwa nayo alipoileta.

Antijeni za uvimbe zenyewe ni za namna kadhaa. Zipo protini za kawaida ambazo uvimbe huzitengeneza kwa wingi kupita kiasi. Hizi mwili umekwisha kuzizoea, na saidizi za kuzitambua vizuri ziliondolewa katika thimasi. Zipo protini za virusi vilivyosababisha uvimbe, ambazo ni ngeni kabisa. Na zipo protini mpya zinazozaliwa pale mabadiliko ya jeni yanapobadili herufi moja au mbili za DNA ya seli. Kadiri jeni zinavyoharibika ndivyo alama mpya zinavyokuwa nyingi, na katika wanaoziharibu jeni, jua lina nafasi ya pekee.

Jiji la Dodoma liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye latitudo ya nyuzi 6 kusini. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba. Mwinuko huongeza miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na tangu Mei hadi Novemba mawingu ya mvua ni haba na miti mingi hupukutisha majani, mbuyu ukiwamo, kivuli kikawa cha matawi matupu. Watu wa huku wanaishi kwa kazi za juani: kulima uwele, mtama na alizeti, kupalia karanga, kupogoa mizabibu, kuchunga ng'ombe.

Kwa wengi wao melanini hukinga. Kwa mtu mwenye ualbino kinga hiyo haipo, au ipo kidogo mno. Kadirio linalotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400, ilhali Ulaya na Marekani Kaskazini ni 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ualbino ulioenea zaidi Afrika Mashariki unatokana na jeni ya OCA2: seli za rangi zipo mahali pake, ila zinashindwa kutengeneza rangi ya kutosha. Mwaka 1985 madaktari waliokuwa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino, ulioonyesha kuwa ngozi huanza kuharibiwa na jua tangu miaka ya mwanzo ya uhai.

Kwa karibu, safari hiyo huanza na kitu kidogo. Kwenye ncha ya sikio, mdomo wa chini, kisogo au mgongo wa mkono hutokea gamba kavu, ambalo kidole hulihisi kabla jicho halijaliona. Likibanduliwa hurudi. Mengine hubaki hivyo miaka na miaka; mengine huinuka, kingo zikakakamaa, katikati pakapasuka kidonda kinachotoka damu kikiguswa na kukataa kupona. Ndani ya seli zake jua limeacha mwandiko wake: katika jeni ya TP53, inayozuia seli zilizoharibika zisiendelee kugawanyika, herufi mbili za C zilizofuatana hugeuka kuwa T mbili. Mwandiko huo ulielezwa mwaka 1991 na ni nadra kuachwa na kitu kingine. Saratani ya ngozi ya seli bapa ni miongoni mwa saratani zenye mabadiliko mengi zaidi ya jeni, kwa hiyo ni miongoni mwa zile zenye alama nyingi ambazo kinga ingepaswa kuziona.

Sababu mojawapo ya alama hizo kupuuzwa ilionekana katika maabara miaka ya 1970. Margaret Kripke wa Marekani aliwaangazia panya kwa miale ya urujuanimno hadi wakaota uvimbe, kisha akauhamishia uvimbe huo kwa panya wazima wa ukoo ule ule. Mara nyingi uliangamizwa, maana yake antijeni zake zilikuwa wazi na nzito. Lakini ulipohamishiwa kwa panya walioangaziwa kwa muda mfupi tu, usiofika wa kuwapa saratani, ulikua. Tena seli T za panya hao zikipewa panya mwingine zilimfanya naye auvumilie uvimbe huo. Miale ilikuwa na kazi mbili: iliandika alama mpya katika seli, na iliufundisha mwili kuzinyamazia alama hizo.

Njia za mafunzo hayo zimefahamika kiasi. Katika ngozi, wajumbe wa mstari wa mbele ni seli za Langerhans, jamaa wa seli dendriti. Miale huzipunguza, na zinazofika kwenye tezi zikiwa zimeunguzwa huionyesha antijeni bila ishara ya pili ya kutosha. Asidi ya urokaniki iliyo katika tabaka la juu la ngozi hubadilika umbo na kuanza kutuliza kinga. Seli za ngozi zilizoumia hutoa interleukini-10, nayo huzielekeza saidizi kwenye upole. Inaelekea utaratibu huu una faida yake, kwa kuwa mwili ambao ungeamsha vita kila ngozi inapochomwa na jua ungeishia kujishambulia. Madaktari huutumia kwa makusudi wanapotibu soriasisi kwa mwanga. Katika saratani, huruma hiyo hiyo humwangukia asiyestahili. Ifahamike pia kwamba kinga ya mtu mwenye ualbino wa OCA2 haina kasoro ya kuzaliwa. Alichopungukiwa ni rangi, na kwa upungufu huo jua humfikia mara mbili, katika jeni na katika mafunzo ya kinga.

Panya si binadamu, lakini virusi vya UKIMWI vimetoa ushahidi kwa njia ya maafa. Virusi hivyo huingia mwilini kwa kuishika alama ya CD4, hivyo wanaoangamia ni saidizi, huku angamizi zikibaki bila idhini. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi karatasi ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya UKIMWI, ilibeba idadi ya CD4, namba ambayo kila mgonjwa aliijua, na daktari aliiogopa iliposhuka chini ya 200. Saratani zilizozuka pamoja na kushuka huko hazikuwa za ovyoovyo. Kaposi, iliyojulikana Afrika Mashariki kabla ya UKIMWI, ilienea kwa kasi. Kirusi chake, kilichogunduliwa na Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994, hukaa kimya miilini mwa watu wazima wengi wa eneo hili maadamu saidizi zipo. Saratani ya utando wa jicho iliongezeka Uganda, na kwayo ukosefu wa saidizi na jua la tropiki vilikutana mahali pamoja. Baada ya Tanzania kuanza kutoa dawa za kufubaza virusi (ARV) bure mwaka 2004, kwa baadhi ya wagonjwa wenye Kaposi ya awali madoa yalififia kwa ARV peke yake. CD4 zilirudi, na idhini ikarudi nazo.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, inaonyesha ustahimilivu wa namna nyingine. Protini zake E6 na E7 ni za kirusi cha papiloma, hivyo ni ngeni, na uvimbe hauwezi kuziacha kwa sababu ndizo zinazoufanya uishi. Hata hivyo kirusi hiki hakiingii kwenye damu, hakiziui seli kinamokaa, na hukua taratibu katika tabaka za juu ambako hatari haitangazwi. Seli dendriti hazishtuki. Wanawake wengi hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na tishu za maeneo yanayopona hukutwa zimejaa saidizi. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI hukaa nacho muda mrefu zaidi. Katika vituo vya afya uchunguzi hufanywa kwa siki: muuguzi hupaka asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na eneo lenye seli zilizobadilika hugeuka jeupe mbele ya taa. Kile ambacho kinga haikukistukia huonekana kwa jicho tupu, na huchomwa au kugandishwa siku hiyo hiyo.

Tiba za kuutengua uamuzi zimepatikana. James Allison na Tasuku Honjo, waliopata Nobel mwaka 2018, walionyesha kwamba seli T zina breki zake, CTLA-4 na PD-1, na kwamba kuziziba kunaweza kuiamsha kinga iliyozubaa. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha semiplimabu kwa saratani ya ngozi ya seli bapa iliyosambaa, na katika majaribio karibu nusu ya wagonjwa walipata nafuu, jambo linaloafikiana na wingi wa alama zilizoandikwa na jua. Lakini bei yake iko mbali na mkulima wa Bahi au Chamwino. Tena kulegeza breki hulegeza ustahimilivu wote: utumbo, tezi ya shingo au mapafu huweza kushambuliwa, na aliyepandikizwa figo huweza kuipoteza.

Ndiyo maana kinachofanyika kabla ya makutano ya kwanza kina uzito kuliko kinavyoonekana. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya papiloma kwa wasichana wa miaka 14 mwezi Aprili 2018, dozi mbili; mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa walio na miaka 9 hadi 14. Jaribio lililofanyika Mwanza kwa wasichana 930 lilikuwa limeonyesha kuwa hata dozi moja huacha kingamwili zinazodumu. Chanjo hiyo ni ganda tupu la kirusi, linalochomwa kwenye msuli pamoja na viambato vya kuzishtua seli dendriti. Saidizi hukutana na adui katika mazingira ya hatari kabla hajapata nafasi ya kuzoeleka, kisha huziamuru seli B kutoa kingamwili. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, ganda hilo halimwondolei kirusi, kwani seli zilizovamiwa zinaendeshwa na E6 na E7, ambazo hazimo katika chanjo.

Kwa ngozi, kazi hiyo hufanywa na kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, kazi za shamba zinazoanza alfajiri na kukoma kabla ya saa nne, na mafuta ya kukinga jua kama KiliSun, yanayotengenezwa Moshi katika Hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtoto aliyefunikwa tangu mwaka wake wa kwanza ameepushwa na mabadiliko ya jeni, na pia seli zake za Langerhans zimebaki na uwezo wa kupeleka habari kamili kwenye tezi. Gamba likitokea baadaye na kugandishwa mapema kwa naitrojeni, kilichobaki kinakutana na kinga ambayo haijafundishwa kunyamaza. Ustahimilivu ni sharti la uhai na hautaondolewa. Kinachowezekana ni kuzuia usipewe uvimbe, na kazi hiyo huwa rahisi zaidi kabla saidizi hazijatoa uamuzi wake wa kwanza.